Nyumba rafiki kwa mazingira katika pwani ya Afrika Mashariki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudiwa na watu wanaojenga, wanaonunua na wanaopanga nyumba kati ya Mtwara na Lamu, pamoja na Unguja, Pemba na Mafia. Walio Arusha, Mbeya au Nairobi watafaidika na sehemu za maji, umeme na miti, ila sehemu ya joto si yao: kwao kazi ya nyumba ni kuhifadhi joto, kwetu ni kulitoa. Jambo lililokwisha kuelezwa halirudiwi. Fuata namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Nyumba rafiki kwa mazingira ni nyumba ya namna gani hasa?

Ni nyumba ambayo umbo lake lenyewe linafanya kazi kabla hujanunua mtambo wowote. Hewa inapita chumbani umeme ukiwa umekatika. Kuta hazipigwi na jua la saa kumi jioni. Mvua ikinyesha, maji yana tangi la kuingia na udongo wa kuyanywa, hayakimbilii kwa jirani. Takataka za jikoni zinarudi bustanini. Baada ya hapo ndipo sola na vifaa vingine vina maana.

Nalisema hili mapema kwa sababu wengi huanza mwishoni. Nyumba yenye paneli 12 juu ya paa na kiyoyozi kila chumba, lakini haina hata mti mmoja wala dirisha linalopitisha upepo, bado ni mzigo kwa mazingira na kwa mfuko wa mwenyewe.

2. Ni ghali kuliko nyumba ya kawaida?

Sehemu zake muhimu zaidi hazina gharama kabisa. Kugeuza ramani ielekee vizuri (swali la 5) ni bure kama unafanya kabla ya kuchimba msingi. Kupanda miti ni bei ya miche. Tangi, sola na mfumo mzuri wa maji machafu vinahitaji fedha, lakini vinaweza kuja kwa awamu ikiwa mabomba na nafasi vimeachwa tangu mwanzo.

Fedha nyingi hupotea kwenye umbo la paa. Paa la kona nyingi linakula mbao na mabati, na kila bonde la paa ni mahali pa kuvujia. Siku hizi nyumba za paa la kuficha, yaani paa lililofichwa nyuma ya ukuta unaopanda juu yake, zimeshika kasi, na kwa pwani nasema wazi kwamba sizipendekezi. Paa la kuficha halina upenu, hivyo jua linachoma ukuta mchana kutwa na mvua ya masika inagonga madirisha moja kwa moja. Maji yote hutegemea mifereji ya ndani ambayo jani moja la mwembe linaweza kuiziba.

3. Nina fedha ya kufanya jambo moja tu. Nianze na lipi?

Paa. Kwa nyumba isiyo ya ghorofa, sehemu kubwa ya joto la ndani inatoka juu, kwa kuwa huku kwetu jua la mchana husimama karibu utosini. Chagua bati la rangi nyeupe au hafifu, weka dari, acha matundu ya hewa chini ya upenu na kwenye ncha za kenchi ili hewa ya moto iliyo juu ya dari itoke, na uyafunge kwa wavu wa mbu na popo. Upenu usipungue sentimita 90. Kama bati tayari ni la rangi ya kahawia au nyeusi, rangi nyeupe ya mabati inaweza kupakwa juu yake, na tofauti utaisikia usiku uleule wa kwanza.

4. Kwa hiyo nirudi kwenye nyumba ya udongo na makuti?

Hakuna anayekulazimisha. Makuti yana sifa ya kweli: yanapumua na hayapitishi joto la jua. Lakini yanataka mteremko mkali ili maji yasikae, yanabadilishwa kila baada ya miaka michache, na yakishika moto hayana msamaha, hasa nyumba zikiwa zimebanana. Maji yanayotiririka kwenye makuti pia hayafai kuvunwa kwa ajili ya kunywa. Kwa banda la kupumzikia au jiko la nje ni mazuri sana. Kwa nyumba ya kulala ya mjini, bati jeupe lenye dari linatosha.

## Jua, upepo na ubaridi

5. Nyumba ielekezwe wapi?

Pande ndefu zitazame kaskazini na kusini, pande fupi zitazame mashariki na magharibi. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini ya ikweta. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la adhuhuri linakuwa kidogo upande wa kusini, na miezi iliyobaki upande wa kaskazini. Katika pande hizo mbili jua huwa juu sana, na upenu wa kawaida unalizuia. Jua la asubuhi na la jioni ndilo tatizo: linakuja chini, linapita chini ya upenu wowote na kuingia mpaka kitandani. Upande wa magharibi weka stoo, bafu, ngazi au jiko, na madirisha yawe madogo.

Bahati yetu ni kwamba upepo unakubaliana na jua. Miezi ya joto kali, Desemba hadi Machi, ndiyo ya kaskazi, inayovuma kutoka kaskazini mashariki. Kusi hutawala katikati ya mwaka kutoka kusini na kusini mashariki. Nyumba yenye madirisha makubwa kaskazini na kusini inapokea zote mbili. Kabla ya kumpa fundi ramani, nenda kiwanjani jioni ukiwa na utepe mwepesi uliofungwa kwenye mti mrefu. Majengo ya jirani huukunja upepo, na utepe utakuonyesha unapopita kweli.

6. Mbona nyumba za kale za Lamu na Mji Mkongwe zina ubaridi, na yangu ya tofali za saruji ni tanuri?

Kwa sababu zile hazikuwa nyumba peke yake, zilikuwa mtaa. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zina unene wa karibu nusu mita, kwa hiyo joto la mchana linachelewa kufika ndani. Vyumba ni vyembamba na virefu kwa kuwa boriti za mikoko hazifikii upana mkubwa, kiasi cha mita 3 hivi. Dari ziko juu, kuna ua wa ndani wa kuvuta hewa, na vichochoro ni finyu kiasi kwamba nyumba moja inaitia nyingine kivuli. Ukuta mzito uliopigwa jua hukaa na moto mpaka usiku wa manane. Ule wa Lamu unasalimika kwa sababu jua haliufikii.

Ukijenga ukuta mzito peke yake katikati ya kiwanja cheupe kisicho na mti, utapata uzito bila kivuli. Tofali la saruji la inchi 6, lililopigwa plasta na kupakwa rangi ya kukolea, lina ubaya wa pande zote mbili: si jembamba la kupoa haraka wala si nene la kuchelewesha joto. Dawa yake ni kivuli cha upenu, miti na mimea ya kutambaa upande wa magharibi, na rangi hafifu.

7. Madirisha ya aluminiamu ya kuteleza yana ubaya gani?

Yanafunguka nusu tu. Umelipia dirisha la mita 2, unapata upepo wa mita 1. Kwa chumba cha kulala chagua madirisha yanayofunguka kwa bawaba au ya vioo vya mlazo, yenye wavu wa mbu, na uhakikishe kila chumba kina tundu la kuingilia hewa na jingine la kutokea, hata kama la pili ni tundu la juu ya mlango kuelekea koridoni. Dirisha moja bila pa kutokea halivutii upepo.

8. Bado nitahitaji kiyoyozi?

Pengine kwa chumba kimoja, miezi ya Januari na Februari, kama kuna mgonjwa, mtoto mchanga au mtu anayefanya kazi mchana nyumbani. Kwa wengi, feni ya dari inatosha ikiwa maswali ya 3, 5 na 7 yamezingatiwa. Feni inakula wati 50 hadi 75. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinakula takribani kilowati 1 kikiwa kazini, yaani sawa na feni zaidi ya kumi. Ukilazimika kukiweka, kiwekwe kwenye chumba kidogo kinachofungika vizuri, kisiwe sebuleni.

## Vifaa vya ujenzi

9. Matofali ya udongo ya kufungamana ni imara, au ni ya nyumba za mashambani tu?

Ni imara yakitengenezwa vizuri. Udongo unachanganywa na saruji kidogo, kwa kawaida kati ya asilimia 5 na 10, unashindiliwa kwenye mashine ya mkono au ya mafuta, kisha tofali linamwagiliwa na kufunikwa. Hakuna kuchoma, kwa hiyo hakuna kuni. Matofali yanashikana yenyewe, kwa hiyo chokaa cha kujengea ni kidogo, na ukuta ukipangwa vizuri hauhitaji plasta ya nje. Tanzania, Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umefanya kazi ya kuyaeneza kwa miaka mingi, na unatoa mafunzo ya kuyatengeneza.

Saruji inahusika na karibu asilimia 8 ya hewa ya ukaa inayotolewa na binadamu duniani. Kila mfuko unaoupunguza ukutani una maana, ingawa msingi, nguzo na lenta usivibanie.

Makosa mawili ndiyo yanayoyaharibia jina. La kwanza ni haraka: matofali yanaanza kujengewa yakiwa na siku mbili tatu. Yape angalau siku 7 za unyevu kivulini, na 14 ni bora. La pili ni kuuacha ukuta bila upenu na bila kuinua msingi, maji ya mvua yakaruka kutoka chini na kuula.

10. Nitajuaje udongo wa kiwanja changu unafaa?

Chimba chini ya tabaka jeusi lenye mizizi, kwa sababu hilo halifai kabisa. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani ya lita moja, jaza udongo mpaka theluthi moja tu ya kimo chake, ongeza maji mpaka karibu na shingo na chumvi kidogo, funga, tikisa kwa nguvu kisha iache juu ya meza bila kuigusa mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, juu yake vumbi laini, na mfinyanzi juu kabisa. Unachotafuta ni mchanga kuwa mwingi kuliko vyote, na mfinyanzi kuwepo lakini usizidi. Mfinyanzi ukizidi, tofali litapasuka likikauka na utalazimika kuongeza mchanga. Usipoonekana kabisa, kama ilivyo kwenye viwanja vingi vya karibu na ufuo, udongo huo hautashikana, na kusafirisha mwingine kutoka mbali kunaondoa faida yote.

Hiyo ni hatua ya kwanza tu. Kabla ya kutengeneza maelfu, tengeneza machache kwa viwango tofauti vya saruji na uyapeleke maabara yakapimwe.

11. Boriti za mikoko na mchanga wa bahari je?

Usitumie. Mikoko inazuia mmomonyoko wa fukwe na ndiko samaki na kamba wanakozalia. Mchanga wa bahari una chumvi inayokula nondo. Unguja mchanga wa kujengea umekuwa adimu kiasi kwamba serikali ilibidi iingilie kati kudhibiti uchimbaji wake, na mashimo yaliyoachwa yamekula ardhi ya kilimo. Kwa visiwani hasa, kujenga kwa mchanga kidogo ni jambo la lazima. Mbao za misitu ya kupandwa, kama misonobari ya Sao Hill, ni mbadala mzuri kwa kenchi na hata kwa kuta, zikiwa zimetiwa dawa ya mchwa.

## Maji

12. Tangi la maji ya mvua liwe la ukubwa gani?

Hesabu yake ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa hupimwa kwa eneo linalofunikwa chini, halipimwi kwa mteremko. Paa la mita za mraba 100 mahali panapopata milimita 1,100 kwa mwaka, kama Dar es Salaam, linapokea lita 110,000. Toa asilimia 20 ya kupotea, zinabaki 88,000. Familia ya watu 5 wanaotumia lita 40 kila mmoja inahitaji lita 200 kwa siku, yaani 73,000 kwa mwaka.

Kwa karatasi, mvua inatosha na kubaki. Tatizo ni kwamba haiji kidogo kidogo. Inakuja masika, Machi hadi Mei, na vuli, Oktoba hadi Desemba. Kati ya Juni na Septemba kuna siku kama 120 za mvua haba, zinazotaka lita 24,000. Simtanki la lita 5,000 linakupa siku 25. La 10,000 linakupa siku 50. Tangi la zege chini ya ardhi la lita 20,000 ndilo linalokaribia kukuvusha, na ndilo ghali.

Ushauri wangu kwa nyumba yenye maji ya bomba: anza na lita 5,000. Siku moja ya mvua ya milimita 50 inakaribia kulijaza, litatumika na kujazwa mara nyingi kwa mwaka, na bomba litabaki la miezi ya kiangazi. Kwa nyumba isiyo na bomba, tangi la chini lipangwe pamoja na msingi. Kulichimba baadaye chini ya nyumba iliyokwisha simama ni balaa.

13. Maji hayo yananyweka?

Baada ya kuyatayarisha. Mvua ya kwanza inaosha vumbi, kinyesi cha ndege na majani, kwa hiyo kwenye bomba linaloshuka funga bomba la kuzuia la wima lenye kizibo chini: likijaa maji machafu ya mwanzo, yanayofuata yanaingia tangini. Kwa paa la mita za mraba 100, lita 100 hadi 200 za mwanzo zitupwe bustanini. Tangi liwe na kifuniko, lisipitishe mwanga, na kila tundu liwe na wavu (tazama swali la 20). Ya kunywa yachemshwe au yachujwe na kutiwa dawa.

14. Maji ya kuogea na kufulia naweza kumwagilia?

Ndiyo, na njia bora ni mduara wa migomba. Chimba shimo la duara lenye kipenyo cha mita 2 na kina kinachofika magotini na kuzidi kidogo, udongo uliotoka upange ukingoni kama tuta. Jaza shimo matawi makavu, majani na mabua mpaka yavimbe juu. Panda migomba minne au mitano juu ya tuta, na katikati yake mapapai na viazi vitamu vya kufunika udongo. Bomba la bafu liishie ndani ya majani, lisimwage juu. Migomba inakunywa, majani yanaoza na kuwa mbolea, na hakuna dimbwi la mbu.

Usiyahifadhi maji hayo kwenye pipa zaidi ya siku moja, yananuka. Usimwagilie mchicha na mboga zinazoliwa mbichi. Maji ya kuosha nepi na maji ya choo hayahusiki hapa. Hayo yaende swali la 15.

15. Choo kijengwe vipi kwenye ardhi ya matumbawe?

Hapa ndipo nyumba nyingi nzuri za pwani zinapoharibu. Mwamba wa matumbawe una nyufa na matundu. Maji machafu hayachujwi kama yanavyochujwa kwenye mchanga. Yanateremka haraka mpaka kwenye maji ya kisima cha jirani, kisha baharini. Shimo la choo lisilo na sakafu katika ardhi hiyo ni sawa na kumwaga kisimani.

Jenga karo, yaani tangi la kupokea maji ya choo, lililozibwa chini na pembeni, lenye vyumba viwili au vitatu, na maji yanayotoka yapite kwenye kitanda cha kokoto kilichopandwa matete, nacho kiwe kimezibwa chini. Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka hapo, na upande wa juu. Bayodaijesta, yaani matangi ya kuozeshea maji ya choo, zinazouzwa mjini zinaweza kufaa, lakini muuzaji akikuahidi kwamba haitajaa wala kuhitaji kuguswa milele, tafuta mwingine. Tope hujikusanya katika kila mfumo.

## Umeme na jiko

16. Sola italipa?

Inategemea bili yako ya sasa. Tanzania Bara, mteja wa TANESCO aliye kwenye kundi la D1, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, analipa bei ya chini sana kwa uniti. Huyo kwa fedha tupu hatairudisha gharama ya sola upesi. Kwake sola ni bima ya kukatika kwa umeme, na seti ndogo ya taa, feni na chaji za simu inamtosha. Anayetumia uniti 200 au 300 ana hesabu tofauti. Kilowati 1 ya paneli pwani hutoa takribani uniti 4 kwa siku, na ukizitumia mchana uleule kwa friji, pampu na pasi, huhitaji betri kubwa.

Betri ndiyo inayokula fedha. Za lithiamu ya chuma na fosfeti ni ghali kununua lakini zinadumu mara kadhaa ya zile za asidi, zinazokufa mapema zikiwa zinamalizwa kila usiku. Paneli zifungwe kwa vyuma visivyoshika kutu, kwa sababu hewa ya chumvi haisamehi.

Kabla ya kujilaumu kwa kutumia umeme wa gridi, ujue pia unatoka wapi. Kenya sehemu kubwa unatokana na jotoardhi la Olkaria, maji na upepo. Tanzania, Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115 limeongeza sana umeme wa maji.

17. Kwenye jiko nifanye nini?

Acha mkaa. Kwa familia ya kawaida ya mjini, hakuna uamuzi mwingine wa nyumbani unaogusa misitu moja kwa moja kuliko huu, na hakuna unaomgusa zaidi mpishi kifuani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa Tanzania, wa 2024 hadi 2034, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama ifikapo 2034. Watu wanaogopa kupikia umeme kwa kukumbuka majiko ya koili. Jaribu sufuria ya presha ya umeme: sufuria ya maharage inaiva kwa chini ya uniti moja. Gesi ibaki kwa chapati na vya kukaanga. Ukifuga ng'ombe wawili au zaidi, mtambo wa gesi ya samadi unafaa kabisa.

## Miti, wadudu na uwanja

18. Nipande miti gani, na umbali gani kutoka ukutani?

Miti mikubwa, mwembe, mkwaju, mfenesi, iwe mita 6 hadi 8 kutoka kwenye msingi na mbali na karo. Mpapai, mstafeli na mndimu inaweza kukaribia. Kivuli kinahitajika zaidi magharibi na mashariki. Mkungu unakua haraka na kutanda kwa ngazi, unafaa kama unataka kivuli mapema, ila utafagia majani. Mwarobaini ni mzuri lakini unajisambaza wenyewe na kuisukuma miti mingine, kwa hiyo mmoja unatosha. Tafadhali panda angalau mti mmoja wa asili ya pwani yetu, kama mtondoo au mbambakofi, hata kama atakayekaa chini yake ni mjukuu.

19. Kiwanja changu ni mwamba mtupu. Kuna matumaini?

Nenda Bamburi, Mombasa, ukaangalie. Machimbo ya kiwanda cha saruji yaliacha jangwa la matumbawe yaliyochomwa na jua, na mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26, na chache sana zilistahimili. Mvinje ulishinda, kwa sababu mizizi yake inashirikiana na bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Lakini majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, mpaka walipoletwa majongoo wenye miguu myekundu, wakayala na kuyageuza udongo. Leo ni msitu wenye twiga na viboko.

Kwa kiwanja cha mita 20 kwa 30, funzo linatumika vilevile: anza na mti mgumu unaojitafutia chakula, usichome majani, funika ardhi, ngoja. Mti wa matunda uufuate. Majani ya jikoni na ya ufagio yote yazikwe hapo hapo.

20. Miti haileti mbu na nyoka?

Mbu wanazaliwa kwenye maji yaliyotuama, hawazaliwi mtini. Mbu wa dengi, ugonjwa ulioisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, anapenda makopo, matairi, visahani vya maua na mifereji ya bati iliyoziba. Kagua uwanja mara moja kila wiki, kwa sababu yai halimalizi kuwa mbu kabla ya wiki hivi. Nyumba yenyewe nayo ina kazi. Mkoani Mtwara zilijengwa nyumba 110 za ghorofa moja juu, zenye kuta za wavu zinazopitisha hewa na vyumba vya kulala juu, ili kupima kisayansi kama umbo la nyumba linapunguza malaria na magonjwa ya watoto. Mantiki yake inaeleweka: mbu wengi huruka chini, na chumba chenye hewa kinamfanya mtu akubali kulala ndani ya chandarua.

Nyoka wengi wanafuata panya, vyura na marundo ya mawe na mbao. Wapo wanaopanda miti, kwa hiyo kata matawi yanayogusa paa.

21. Nisakafie uwanja wote kwa pevingi ili uwe msafi?

Hapana. Pevingi kwenye njia ya gari tu, kwingine nyasi, kokoto au bustani. Uwanja uliosakafiwa wote unawaka moto mpaka usiku na unasukuma maji yote barabarani. Kila aliyewahi kukwama bonde la Jangwani, Dar es Salaam, masika anajua maji ya viwanja vya juu yanaishia wapi.

## Kuishi katika mtaa uliopangwa

22. Mitaa mipya ya "kijani" ni ya kweli au ni maneno ya kuuzia?

Ipo ya kweli. Fumba, kusini magharibi mwa Unguja, kuna mji mpya wenye nyumba kadhaa za mbao, ambao bustani zake zilipangwa tangu awali kwa kanuni za pamakalcha, yaani mimea, maji na taka za jikoni kutegemeana. Kitu cha kupima ni hali ilivyo ardhini, picha za kompyuta zisikutoshe. Nenda baada ya mvua kubwa uone maji yanasimama wapi. Nenda saa nane mchana utembee kwa miguu: kama huwezi kutembea dakika kumi bila kutafuta kivuli, miti bado haipo. Uliza maji machafu yanasafishwa wapi na nani, taka zinaenda dampo gani, na kama miti ya asili iliachwa au ilisafishwa yote ndipo ikapandwa michikichi ya mapambo. Uliza pia watu wa kijiji cha jirani wanapita wapi kwenda ufukweni.

23. Cheti cha EDGE kina maana gani?

Ni cheti cha Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, kwa jengo linalopunguza angalau asilimia 20 katika mambo matatu: nishati, maji, na nishati iliyotumika au hewa ya ukaa iliyotolewa katika kutengeneza vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Muulize muuzaji kama ana cheti cha awali, kinachotolewa kwa michoro, au cha mwisho, kinachotolewa jengo likikamilika. Cheti hakikuambii lolote kuhusu utamwagiliaje bustani mwaka wa 10.

24. Nani atatunza miti na mifereji nikishahamia?

Hili lisomwe kwenye mkataba kabla ya kulipa. Ada ya huduma inalipia nini, nani anaipandisha, na wakazi wana sauti gani? Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2008 inayohusu umiliki wa sehemu za majengo, na Kenya ina ya mwaka 2020. Zote zinatambua chama cha wamiliki. Mtaa ambao wakazi hawajawahi kukutana, bustani zake hufa mwaka ambao mjenzi anaondoka. Kanuni iandikwe wazi kwamba hakuna mti unaokatwa bila idhini ya wakazi, na kwamba kila nyumba inabakiza sehemu ya kiwanja bila kusakafiwa.

25. Niko Muscat au London. Nifanye nini kabla ya kutuma fedha?

Mtume mtu unayemwamini afanye ukaguzi wa swali la 22, akupigie kwa video akiwa anatembea, bila kumtaarifu muuzaji. Hati ithibitishwe na wakili wako, asiwe wa mradi. Malipo yafuate hatua za ujenzi zilizokaguliwa. Na usichore nyumba ya huko ulipo: kioo kikubwa kinachopendeza Ulaya kwa kukaribisha jua kitakutesa Kigamboni.

## Hali za pekee

26. Kiwanja kiko karibu sana na bahari. Naweza kujenga?

Tanzania Bara, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari, ziwa au ukingo wa mto. Kuwa na hati hakufuti katazo hilo. Ukuta wa kuzuia mawimbi unaojengwa na mtu mmoja mara nyingi unahamishia mmomonyoko kwa jirani.

27. Nyumba imekwisha jengwa vibaya. Nianzie wapi?

Fuata mpangilio huu: rangi nyeupe ya bati na matundu ya hewa (swali la 3), kivuli cha magharibi kwa mimea ya kutambaa au kibaraza cha matete, kubadilisha madirisha ya vyumba vya kulala tu (swali la 7), mfereji wa bati na tangi (swali la 12), kisha kubomoa nusu ya pevingi. Kiyoyozi subiri mpaka hayo yote yaishe.

28. Mimi nimepanga, na mwenye nyumba hataki kuguswa kitu.

Bado una nafasi. Mapazia mazito ya rangi hafifu upande wa jua, feni, sufuria ya presha, pipa la lita 200 chini ya mfereji likiwa na wavu, ndoo ya kuozeshea maganda, mboga kwenye magunia, na mimea ya kutambaa kwenye kamba mbele ya dirisha la magharibi, pasheni kwa mfano, ambayo ukiihudumia itakupa kivuli na juisi. Vyote hivi unahama navyo, isipokuwa pasheni. Mwenye nyumba akiona bili ya maji imeshuka, mwombe mgawane gharama ya tangi, na makubaliano yaandikwe: tangi ni la nani mkataba ukiisha.